Shangazi, huyu ni mume wangu au ni vita?

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Leo naituma kabla moyo haujageuka.

Nina miaka 34. Nimeolewa na mwanajeshi kwa miaka 12 sasa, na Mungu ametujalia mvulana wa miaka 10 na binti wa miaka 6. Mume wangu amekwenda misheni mara mbili. Ile ya kwanza alirudi amenenepa, jua limemchoma, na visa vya kuchekesha vya wenzake haviishi. Ya pili alikaa miezi 14, akarudi miezi minane iliyopita, na tangu arudi sijamsikia akicheka kwa dhati. Gari lililomtangulia msafarani lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Walikufa watatu, na mmoja wao ndiye aliyemsimamia siku ya harusi yetu. Haya hakunisimulia yeye. Nimeyapata kwa mke wa mwenzake.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Haketi mahali asipouona mlango. Usiku anakagua makomeo, anarudi kitandani, anaamka tena kuyakagua. Taarifa ya habari ikianza anazima. Siku ya kuzaliwa ya binti yetu pulizo lilipasuka, na kufumba na kufumbua baba mtu alikuwa sakafuni, amemfunika mtoto kwa mwili wake. Watoto wageni walicheka wakidhani ni mchezo. Aliinuka, akajipangusa magoti, akatoka, akarudi saa saba usiku ananuka pombe. Zamani hakuwa mnywaji.

Mara ya kwanza kuniumiza alikuwa usingizini. Alikuwa akipiga kelele, nikamgusa bega, kiwiko kikanipata puani. Alipoamka na kuiona damu alilia kama mtoto. Hiyo niliisamehe palepale.

Ya pili hakuwa amelala. Nilichelewa kutoka kazini na simu ilikuwa imeisha chaji. Alinipiga kofi mlangoni, sijavua hata viatu. Alisema alidhani nimekufa. Baada ya hapo nimeacha kuhesabu. Kofi, kusukumwa, na mara moja alinifungia chumbani "mpaka utulie". Asubuhi yake anaomba radhi, anafua nguo za watoto, anakuwa yule niliyemjua.

Wiki iliyopita tulibishana kuhusu pesa. Alipokuwa huko, ni mimi niliyeamua kila kitu: karo, matibabu, bomba likipasuka nani aitwe. Sasa amerudi anataka kila senti ipite mkononi mwake, nami nimeshazoea kuamua. Nilimjibu, na nakiri nilimjibu vibaya. Alinishika koo kwa mikono miwili, akanibana ukutani. Sijui ilichukua muda gani. Niliona vimulimuli, kisha giza. Mara simu yake ikaita. Akaniachia, akatazama jina, akapokea: "Ndiyo afande. Sawa afande." Sauti imetulia kabisa. Alipokata aliketi chini akasema ingekuwa heri angefia huko na wenzake, sote tungepumzika. Sauti yangu ilikauka siku mbili, na hata leo nikimeza nahisi kama kuna mfupa umenasa.

Watoto, nashukuru, hawajui lolote. Huwa wameshalala. Ila mvulana amepata tabia ya ajabu ya kulala na viatu. Nikimvua, asubuhi namkuta amevivaa tena.

Mama mkwe nilimdokezea. Alinijibu: "Mwenzio karudishiwa sanduku, wewe umerudishiwa mtu. Shukuru." Wanawake wenzangu walioolewa na askari wanasema wote hurudi hivyo, nivumilie, yatapita. Nikiripoti kwa wakuu wake naogopa atafukuzwa kazi, na nyumba tunayokaa ni ya jeshi. Nikimwambia aende hospitali anasema yeye si mwendawazimu, na faili lake likishaandikwa hivyo hatapanda cheo tena maishani.

Shangazi, anayenipiga ni mume wangu au ni vita? Kama ni ugonjwa, mtu humwacha mgonjwa wake? Na kama si ugonjwa, muda wote huu nimekuwa nikimhurumia nani?

Mke wa Askari

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na koo, kwa sababu mengine yanaweza kungoja siku mbili tatu na hilo haliwezi. Kukabwa hadi ukaona giza maana yake ubongo ulikosa damu au hewa. Shingo inaweza isiwe na alama hata moja kwa nje, huku ndani ukuta wa mshipa mkubwa wa damu umechanika kidogo, na kiharusi kinachotokana na mchaniko huo huweza kuja siku kadhaa baadaye. Sauti kukauka na kumeza kwa taabu ni mambo ambayo daktari anahitaji kuyasikia. Nenda leo ukiweza, na umwambie "nilikabwa". Usimwambie "koo linaniwasha", maana atakachokitafuta kinategemea utakachomtajia. Kichwa kikiuma kwa namna usiyoizoea, macho yakiona ukungu, upande mmoja wa mwili ukilegea au pumzi ikibana, hiyo ni dharura, usikae kwenye foleni.

Kuna jambo la pili kuhusu koo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wanaoteswa na wenzi wao, yule aliyewahi kukabwa alikuwa na uwezekano zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa na mwenzi huyo kuliko ambaye hakukabwa. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti ambaye tangu mwaka 1985 ametengeneza na kuboresha orodha ya maswali ya kupima hatari ya namna hii, huuliza pia: je, kipigo kimezidi siku hizi? Anakunywa? Amezungumzia kujiua? Kuna bunduki nyumbani? Barua yako imeshajibu mengi ya hayo bila kuulizwa. La silaha hukuligusa. Ya kazi najua hurudishwa ghalani, lakini kama anayo yake, au ameanza kuzungumzia kuitafuta, mtu yeyote atakayekusaidia lazima alijue hilo mapema.

Sikuelezi haya ili nikutie hofu ukimbie usiku. Wewe umeyaweka makofi yote kwenye kapu moja na kuliita "yaliyonipata", ilhali la wiki iliyopita ni la aina yake.

Sasa swali lako. Mume au vita. Nimelisoma mara nyingi, na kila nikilisoma naona limempasua mtu mmoja vipande viwili, kipande unachokipenda na kipande unachokiogopa, halafu likakuachia kazi ya kujua kipi kinarudi nyumbani jioni hiyo. Hiyo kazi haina mtu anayeiweza, mwanangu. Ila kuna tofauti nyingine iliyomo ndani ya barua yako mwenyewe ambayo hukuipa uzito.

Kiwiko cha usingizini ni jambo moja. Mwili wa mtu aliyerudi kutoka vitani unaweza kupigana wakati mwenyewe amelala, na akiamka hajui kilichotokea. Kwa hilo watu hulala vitanda mbalimbali, humwita kwa jina kutoka mbali badala ya kumgusa, na humtafutia tiba ya majinamizi. Halina lawama. Lakini kofi la mlangoni lilikuja na sababu: ulichelewa. Mikono ya kooni ilikuja na sababu: ulijibu. Na kufungiwa chumbani hadi utulie kulikuwa na masharti kabisa. Alikuwa macho nyakati hizo zote, na kila mara kulikuwa na jambo alilotaka ulifanye au uache kulifanya.

Tena kuna ile simu. Sitaki kuibebesha mzigo isioweza kuubeba. Askari amefunzwa kwa miaka kuitikia sauti ya mkuu wake hata akiwa amevunjika, kwa hiyo "ndiyo afande" yake haithibitishi kwamba anaigiza maumivu. Wenzake watatu wamekufa mbele ya macho yake, maumivu hayo ni ya kweli. Lakini simu ilionyesha kwamba hata katika hali ile mikono yake iliweza kuachia. Kama ungeniuliza kitu kimoja tu ninachotamani yeye mwenyewe siku moja akitazame akiwa na mshauri wake, ningetaja sekunde zile mbili kati ya mlio wa simu na vidole kufunguka.

Madaktari wanaujua ugonjwa unaofanana na dalili ulizoeleza. Mimi si daktari wake na siwezi kusema ndio alio nao, ila kukagua makomeo, kushtuka kwa mlio, jinamizi, kukimbia habari na kuwa mbali na watu anaowapenda ni picha wanayoitambua. Kwa kifupi huuita PTSD, maradhi ya akili yanayofuata kiwewe, na jina hilo liliingia rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko jina. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na kuona vibaya baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Katika vita hivyohivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa kosa la kutoroka au woga, na zaidi ya 300 kati yao walikuja kusamehewa mwaka 2006, miaka tisini baadaye. Kwa hiyo mumeo anaposema "mimi si mwendawazimu", anajikinga na aibu ambayo majeshi yenyewe yaliijenga kwa muda mrefu. Usibishane naye kuhusu neno hilo. Wanaume wengi wanaokataa kwenda kutibiwa akili hukubali kwenda kutibiwa usingizi. "Hulali, na mimi naona" ni mlango ambao huenda asiufunge. Daktari akishamwona kwa ajili ya usingizi, yaliyobaki hufuata. Aulize pia kuhusu kichwa, maana mtu aliyekuwa karibu na mlipuko anaweza kuwa na jeraha la ubongo lisiloonekana, nalo humfanya awe mwepesi wa hasira.

Na ugonjwa huo una tiba. Kuna tiba za mazungumzo ambazo mgonjwa hurudi polepole kwenye lile tukio akiwa na mtaalamu, kwa kawaida vikao kati ya 8 na 16, na kuna dawa kama sertraline na paroxetine. Wengi hupata nafuu kubwa. Naandika hili kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipodhani anaweza kupona. Umeona njia mbili tu, kuvumilia au kumtupa.

Hata hivyo, na hapa nakuomba usome taratibu: tiba ya kiwewe si tiba ya kipigo. Kiwewe huongeza hasira na humfanya mtu aone hatari pasipo na hatari, na pombe huchochea moto huo. Tafiti za askari zimeona uhusiano huo mara nyingi. Lakini wengi wenye PTSD hawawapigi wake zao, na wapigaji wengi hawajawahi kusikia mlio wa risasi. Mumeo anaweza akaanza kulala vizuri, akaacha kukagua makomeo, na bado akaamini kwamba mke akijibu anyamazishwe kwa mkono. Hayo mawili yanahitaji kazi mbili. Kwa askari wa Marekani kuna mpango unaoitwa Strength at Home, ambapo wanaume waliowaumiza wenzi wao hukutana kikundi kwa wiki 12, wakishughulikia kiwewe na ukatili pamoja, na ulipopimwa kwa utafiti ulipunguza vipigo. Pengine kwenu hakuna wenye jina hilo. Swali la kuuliza hospitalini ni rahisi: je, mnaye mtu anayeshughulika na wanaume wanaopiga, mbali na kuwatibu kiwewe?

Kuna msaada mmoja ambao watu watakupendekezea kwa nia njema na mimi ningeuahirisha: kuketi wawili mbele ya mshauri wa ndoa. Kipigo kikiwa bado kinaendelea, utasema ukweli mchana mbele ya mshauri na utaulizwa usiku kwa nini uliusema. Mzozo wenu wa pesa ni wa kweli, na una haki ndani yake. Miezi 14 ulikuwa mama, baba na fundi bomba, kisha akaja mtu kudai kiti ambacho ulikikalia peke yako. Familia nyingi za wanajeshi hukwama hapohapo. Lakini mjadala huo unataka watu wawili wasioogopana.

Nikija kwa mama mkwe, simlaumu sana. Alimsubiri mwanawe miezi ileile uliyomsubiri wewe, na labda hana nguvu ya kusikia kwamba aliyerudi ana kasoro. Ila sentensi yake inakutaka ulipie uhai wa mumeo kwa shingo yako. Na wale wenzako wanaosema "wote hurudi hivyo", jiulize ni wangapi kati yao wanaficha yao. Mwaka 2002, katika kambi ya Fort Bragg huko Marekani, wanawake wanne waliuawa na waume zao askari katika muda wa kama wiki sita. Watatu kati ya waume hao walikuwa wamerudi kutoka Afghanistan. Uchunguzi wa jeshi uliofuata ulitaja ndoa zilizokuwa zimeshaingia matatani, na utamaduni wa kijeshi unaowafanya watu wasitafute msaada mapema. "Vumilia" ni sehemu ya utamaduni huo, na mara nyingi tunaousambaza ni sisi wanawake.

Uliuliza kama mtu humwacha mgonjwa wake. Nami nikuulize: ni nani aliyesema kumuuguza mtu ni lazima ulale naye chumba kimoja? Wako wanaouguza kwa kupanga miadi ya daktari, kwa kumpigia simu kaka yake amtazame, kwa kumwandikia ujumbe kwamba unamtakia kupona, wakiwa nyumba nyingine. Huenda hilo lisikufae, lakini liweke mezani, kwa sababu ulipolikosa ulijikuta na maswali mawili tu, yote ya kukuumiza.

Tuyatazame basi yaliyo mbele yako, na hakuna hata moja lisilo na hatari.

Ukibaki kwa sasa, usibaki kama ulivyobaki jana. Jua ni chumba gani hakina kitu kizito wala kisu na kina mlango wa pili, na mabishano yakianza sogea huko. Jirani mmoja awe na neno mtakalokubaliana, akilisikia kwenye simu apige kelele au aite msaada bila kuuliza. Vitambulisho, vyeti vya watoto, ufunguo wa ziada na pesa kidogo vikae kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba. Na barua uliyoniandikia, kama iko kwenye simu anayoweza kuifungua, iondoe.

Ukiondoka, hata kwa muda, kumbuka kwamba siku za kuondoka na wiki zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote katika ndoa za namna hii. Kwa hiyo mtu haagi kwa hotuba wala kwa kitisho katikati ya ugomvi. Kuondoka hupangwa kimya pamoja na watu wanaoijua kazi hiyo: kituo cha wanawake, dawati la polisi linaloshughulikia ukatili wa nyumbani, mwanasheria. Nyumba ya jeshi inauma, naelewa. Waulize haohao haki yako na ya watoto ni ipi juu ya mshahara na makazi kabla hujaamini kwamba huna. Hofu imekuwa ikikujibu swali ambalo hujawahi kumuuliza mwenye majibu.

Kuripoti jeshini ndiko ninakokuona umekwama zaidi. Ni kweli huenda kazi ikaguswa, sitakudanganya. Ni kweli pia kwamba mwanajeshi anayeripotiwa kwa kumuumiza mtu vibaya, au anayekutwa amejidhuru, hupoteza zaidi ya cheo. Kati ya kunyamaza na kwenda kwa mkuu wa kikosi kuna ngazi za katikati: daktari, mshauri, kiongozi wa dini wa kambi. Sheria za kutunza siri hazifanani kila mahali wala kwa kila mtu, kwa hiyo kabla hujafungua kinywa muulize kila mmoja: "Nikikuambia jambo, litafika kwa nani?" Atakayejikanyaga kujibu, mshukuru, uende zako.

Na yale maneno yake ya kwamba heri angekufa. Usiyachukue kama namna ya kukulainisha, hata kama alikuwa pia anakulainisha. Mtu anaweza kumaanisha yote mawili. Mtafute mwanaume mmoja anayemheshimu, yule mwenzake aliyenusurika naye kwa mfano, na umwambie alichosema, umwombe amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Huo si mzigo wako peke yako, na kuubeba peke yako ndiko kunakokufanya uogope kutoka hata kwenda dukani. Akitishia akiwa na silaha au sumu mkononi, ondoka na watoto kwanza, kisha ndipo uite msaada.

Sijui utachagua lipi na sitajaribu kukuchagulia. Wewe unaijua sauti ya hatua zake akiingia, mimi naijua barua tu. Miaka 12 ya wema haifutwi na miezi minane, wala haiitibu. Unaweza kumpenda, kumwonea huruma, kumkasirikia na kumwogopa ndani ya saa moja, na kila moja ya hisia hizo ikawa ya kweli. Huna haja ya kuzichuja kwanza ndipo ujilinde.

Nilibakiza neno moja lako. Uliandika kwamba watoto hawajui, na mstari uliofuata ukaniambia kuhusu viatu. Mtoto wa miaka 10 halali na viatu kwa sababu ya baridi. Usiku wa leo usimvue. Keti naye mkiwa wawili tu, umwambie kuwazuia watu wazima wasipigane si kazi yake na kwamba hajakosea kitu. Kisha muulize, bila kumbana, akivivaa huwa anafikiria kukimbilia wapi. Huenda akakutajia nyumba ambayo wewe mwenyewe hujaifikiria.